Magoti ya Baba na Hoteli za Versailles

Baba ana miaka 79, na magoti yake yamemzidi umri. Alipokuja kunitembelea Bremen mwezi Septemba 2025, nilimwambia achague mahali pamoja tu pa kupaona Ulaya kabla hajarudi Iringa. Nilitegemea ataje Roma, maana ni Mkatoliki asiyekosa misa, au uwanja wowote wa mpira. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Nipeleke pale walipoandika habari za kichwa."

Mhehe haulizi kichwa kipi. Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimtie mkononi, nao wakakikata kichwa wakakipeleka kwao. Miaka 21 baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha na Ujerumani ikashindwa, mkataba wa amani uliotiwa saini Versailles, karibu na Paris, uliweka jambo hilo katika kifungu cha 246: Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Mwingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo ilifika 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuja hapa Bremen mwaka 1953, kwenye makumbusho yaliyo jirani kabisa na stesheni kuu, ambayo mimi napita mbele yake kila siku nikienda kazini, akachagua fuvu moja kati ya mengi, na tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga, karibu na Iringa. Wapo wanaobisha kama kweli lilikuwa lenyewe. Baba habishani. Siku hiyo alikuwa na miaka minane, babu alimpeleka kwa miguu, na anachokumbuka zaidi ni vumbi na kwamba alikalia mabega ya mtu asiyemjua.

Basi kazi ya kutafuta pa kulala ikawa yangu, na mimi nikaivuruga.

Niliivuruga kwa namna ambayo nadhani wengi tunaivuruga. Nilikaa na simu baada ya zamu ya usiku, macho mekundu, nikaandika Versailles, nikaweka tarehe, nikapanga kwa bei kuanzia chini. Ikaja hoteli ya nyota tatu, picha nzuri, vyumba vipana, yuro 84 kwa chumba, na maneno yaliyonimaliza nguvu ya kuendelea kutafuta: "kilomita 1.1 kutoka Kasri la Versailles." Nikajisemea, kilomita moja hata Baba anaiweza tukienda taratibu. Kulikuwa na bei mbili. Ya juu iliruhusu kughairi, ya chini hairudishwi. Viza yake ilikwishatoka, tiketi za treni ninazo, sasa nighairi kwa sababu gani? Nikalipa ya chini, vyumba viwili, usiku nne.

Vyumba viwili, naam. Rafiki yangu Mjerumani alishangaa: chumba kimoja chenye vitanda viwili kingetutosha, nipunguze gharama. Sikujua nianzie wapi kumweleza. Binti mtu mzima hawezi kulala chumba kimoja na baba yake, akamwona anavua soksi na anatafuta meno yake. Baba asingesema neno, angekaa kwenye kiti usiku kucha akijifanya anasoma. Anayesafiri na mama yake au dada yake anaweza kuokoa hela hapo, ila aangalie neno moja: chumba cha "double" Ufaransa maana yake kitanda kimoja cha watu wawili, na mara nyingi kina upana wa sentimita 140, yaani hakifiki hata tano kwa sita yetu. Mkitaka vitanda viwili, ulizeni "deux lits" na mjibiwe kwa maandishi.

Tuliondoka Bremen alfajiri ya Jumapili, tukabadilisha treni Köln, tukafika Paris Gare du Nord mchana. Safari ya kutoka hapo kwenda Versailles niliisoma vizuri, na hilo najisifu nalo. Watu wengi huambiwa wapande treni ya RER C, na ni kweli inakufikisha Versailles Château Rive Gauche, stesheni iliyo karibu kuliko zote na kasri, kama dakika kumi kwa miguu. Lakini kutoka Gare du Nord kuifuata RER C ni kuhangaika. Sisi tuliteremka chini kwenye stesheni ya Magenta, tukapanda RER E kituo kimoja tu hadi Haussmann Saint-Lazare, tukapanda juu, tukachukua treni ya njia L hadi mwisho wake, Versailles Rive Droite. Tiketi moja, mwaka huo yuro 2.50. Tangu Januari 2025 nauli ya treni katika mkoa wote wa Paris ni moja, uende karibu uende mbali, isipokuwa viwanja vya ndege. Baba alikaa dirishani akihesabu bustani za mboga nyuma ya nyumba za watu.

Nimetaja stesheni mbili za Versailles, na ipo ya tatu, Versailles Chantiers, inayopokea treni za kutoka Montparnasse na nyingine nyingi. Zote tatu zina jina la Versailles. Hoteli inapojitangaza kwamba iko "dakika tano kutoka stesheni ya Versailles," haijasema uongo na haijakusaidia. Kutoka Rive Droite au Chantiers hadi geti la kasri ni karibu dakika 20 za mtu mwenye magoti mazima.

Nje ya Rive Droite tulisubiri teksi muda mrefu, Jumapili mji umelala. Ilipokuja, mimi na Baba tukaendelea na mabishano yetu kuhusu begi lipi lina dawa, na dereva akageuka nyuma ghafla. "Ninyi mwatoka Tanzania?" Alikuwa mtu wa Bukavu, miaka mingi Ufaransa, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kivu. Nikamwonyesha anwani kwenye simu. Akaisoma, akanitazama kwenye kioo.

"Dada, hii si Versailles. Hii ni Le Chesnay."

"Wameandika kilomita moja."

"Kilomita moja ya ndege." Akawasha gari.

Hoteli yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Safi, lifti mbili, kijana wa mapokezi mwenye adabu, duka kubwa la Parly 2 jirani. Ingekuwa hoteli njema kabisa kwa mtu mwenye gari, au kwa mtu aliyekuja kununua viatu. Usiku ule nilifungua ramani nikaivuta, jambo ambalo ningelifanya Bremen, nikaona nilichokinunua. Ule mstari wa kilomita 1.1 ulikwenda moja kwa moja juu ya mapaa na ukuta, ukaishia kwenye miti ya Trianon.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho picha za kasri hazisemi. Versailles si jumba lenye uwanja mbele. Ni eneo la takribani hekta 800: jumba, bustani, mfereji mkubwa, mbuga, na mbali huko kaskazini-magharibi majumba mengine mawili ya Trianon, ambako wafalme walikwenda kupumzika na Versailles wakiwa bado Versailles. Kwa hiyo "karibu na kasri" inaweza kuwa kwenye ukuta wowote wa hilo eneo lote. Kutoka jumba kuu mpaka Trianon peke yake ni kama nusu saa ya kutembea. Louis XIV alikuwa na farasi.

Jumatatu nilijua kasri limefungwa. Hufungwa kila Jumatatu, na hilo nililizingatia. Tiketi zetu zilikuwa za Jumatano saa tatu asubuhi. Jumanne niliikwepa makusudi, kwa sababu makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na nusu ya watalii wa Paris humiminikia Versailles. Lakini mbuga iko wazi kila siku, tena bure, nikaona tufanye mazoezi ya njia. Tukatoka saa nne, Baba na bakora yake, mimi na chupa ya chai. Tukafika mlango wa mbuga wa Saint-Antoine akiwa bado anacheka. Tukaingia kwenye njia ndefu ya miti. Baada ya robo saa akaacha kuzungumza. Baada ya dakika kumi nyingine akatafuta benchi, akakaa, akanyoosha mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mtu anayeweka kuni.

"Jumba liko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha upande. Ilikuwa miti mitupu.

"Unajua," akasema, "babu yako alinitembeza mpaka Kalenga na sikulia." Akatabasamu, lakini nilimjua. Hakuna gari ambalo lingetufikia pale. Tukarudi kwa miguu ile ile mpaka getini, tukipumzika kila benchi, na nikapiga namba ya yule dereva wa Bukavu.

Alipokuja hakutucheka. Alimsaidia Baba kuingia, akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, maneno ambayo ningelipa kuyasikia mwezi mmoja kabla. Versailles ya mjini, akasema, ina mitaa miwili ya kulala mgeni. Kulia kwako ukiwa umelipa kasri mgongo, mtaa wa Saint-Louis. Kushoto, mtaa wa Notre-Dame. Notre-Dame una soko, migahawa, na watu. Saint-Louis una kanisa kuu, bustani ya mboga ya mfalme, na kimya. Ukiwa na kijana, mpeleke Notre-Dame. Ukiwa na mzee, Saint-Louis. Hoteli za Chantiers ni mpya na zina lifti, nzuri kwa mwenye kukimbilia treni, lakini kutoka hapo kwenda kasri ni mwendo. Na mkija tena kiangazi, akaongeza, msiitegemee RER C. Kati ya Julai na Agosti huifunga sehemu ya katikati ya Paris kwa matengenezo, karibu kila mwaka, na wageni huzunguka kama kuku waliokatwa vichwa. Alijuta kutumia maneno hayo mbele ya Mhehe? Hakujua. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Nikamwacha Baba chumbani na miguu juu ya mito, nikaenda mapokezi kuomba niondoke kesho na nirudishiwe siku mbili. Kijana alisikitika kwa moyo, nikaona. Lakini bei niliyonunua ni ile isiyorudishwa, na sikuwa na hoja. Vyumba viwili mara usiku mbili mara 84: yuro 336 zikaenda. Tofauti ya bei niliyookoa kwa kutochukua ile inayoghairika ilikuwa yuro tisa kwa usiku.

Mchana huo nikaingia mjini peke yangu, na nikafanya kile ambacho wazazi wetu hufanya kabla ya kupanga chumba: nikaenda kuona. Ni ajabu jinsi simu imetunyang'anya tabia hiyo. Nyumbani hakuna anayelipa gesti bila kufungua bomba kwanza.

Hoteli ya kwanza ilikuwa Notre-Dame, jengo la zamani, maua madirishani, bei ya chini kuliko ile ya Chesnay. Mama wa mapokezi akanipa ufunguo nikapande kuangalia. Ngazi za mbao, nyembamba, zinazojizungusha kama konokono, ghorofa tatu. Lifti? Jengo ni la karne ya 18, akasema, kama vile hilo ni jibu. Na kwa kweli ni jibu. Katika miji ya zamani ya Ufaransa lifti haiji yenyewe na hoteli, wala nyota hazikuhakikishii kila unachowazia. Nyota hizo hutolewa kwa mfumo rasmi wa taifa, moja hadi tano, na kila baada ya miaka mitano hoteli hukaguliwa upya. Zinahesabu vitu, vipimo na huduma. Hazihesabu magoti yako.

Tena pale palikuwa na jambo jingine. Dirisha lilitazama soko. Soko la Notre-Dame lina majengo manne yanayotazamana, kila moja na jina lake la zamani: la samaki, la nyama, la mboga, la unga. Jumanne, Ijumaa na Jumapili wauzaji wa nje hupanga meza katikati, na magari yao huanza kushusha masanduku kabla jua halijatoka. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Ukipenda dirisha la barabarani, sawa. Ukipenda usingizi, neno la kujua ni "côté cour," upande wa uani.

Ya pili ilikuwa karibu na uwanja wa Place d'Armes, mbele kabisa ya kasri. Lifti ipo, chumba kizuri, ukifungua dirisha unaliona geti la dhahabu. Nikakaribia kusema ndiyo. Nikaingia bafuni. Kulikuwa na hodhi la kuogea la kizamani, kuta zake zinafika juu ya goti langu, na bomba la mvua limening'inizwa ndani yake. Nikamwazia Baba ananyanyua mguu kuvuka ule ukuta akiwa na sabuni mwilini, akiwa peke yake, mlango umefungwa kwa ndani kwa sababu ya aibu. Mimi ni muuguzi. Nimewapokea wazee wengi walioanguka bafuni, na hakuna hata mmoja aliyeanguka akitazama mandhari. Nikauliza kama wana chumba chenye bafu la chini, la kutembea tu ukaingia. Wanacho kimoja, kimechukuliwa. Bei ilikuwa yuro 190 kwa chumba, kwa hiyo labda bafu lile lilinifanyia hisani.

Sikupoteza muda na zile za juu zaidi. Ndani ya eneo la kasri lenyewe ipo hoteli, katika jengo lililojengwa 1681 na msanifu majengo wa mfalme, Hardouin-Mansart. Ilifunguliwa kwa wageni 2021, na usiku mmoja unapita mshahara wa mwezi wa watu ninaowajua kwa majina. Kando ya mbuga iko Trianon Palace, iliyofunguliwa 1910. Hiyo niliipitia kwa nje tu, kwa sababu ambayo Baba aliniagiza: humo ndimo tarehe 7 Mei 1919 Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, aliwakabidhi Wajerumani masharti ya amani. Nikapiga picha ya mlango, mlinzi akanitazama, nikaondoka.

Ya tatu niliipata Saint-Louis jioni, nyuma ya viwanja vidogo vya maduka vya zamani. Nyota mbili, bango dogo, ukuta unaohitaji rangi. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, hakunisifia chochote. Alinisikiliza Kifaransa changu cha shule mpaka mwisho, akauliza swali moja ambalo hakuna programu ya simu iliyowahi kuniuliza: "Anatumia bakora mkono gani?" Nikasema wa kulia. Akanifungulia chumba cha chini, hakuna hata kidato kimoja kutoka mlangoni, kinatazama uani penye mtini, bafu limewekwa vigae mpaka chini bila ukingo, na kishikio ukutani upande wa kulia. Changu kilikuwa juu, kidogo kama kabati. Yuro 118 kwa kila kimoja, na kodi ya mgeni juu yake, ile ya mji inayolipwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku na ambayo mara nyingi hujitokeza kwenye bili ya mwisho wakati umekwisha piga hesabu zako. Nikalipa pale pale.

Nilitembea kutoka mlango wake mpaka geti la kasri nikiangalia saa. Dakika tisa. Nikarudi tena kwa mwendo wa Baba, nikisimama kila alipoweza kutaka kusimama, nikihesabu mabenchi. Dakika 20, mabenchi mawili na ukingo mmoja wa ukuta unaokalika.

Jumanne tulihama. Mama mwenye hoteli akamletea Baba ile karatasi ambayo wageni wa kutoka nje hujaza kwa ajili ya polisi: jina, uraia, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Baba ana mwandiko wa walimu wa zamani, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi kwenye upepo. Akaandika Kalenga. Mama akaisoma kwa sauti, akakosea, Baba akamrekebisha, akakosea tena, wakacheka. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata maneno kumi, na kabla ya saa sita alikwisha jua kwamba Baba hanywi kahawa, anataka maji yanayochemka kabisa na si ya moto tu, na maziwa kwenye sufuria. Vyumba vingi vya hoteli Ufaransa havina birika la umeme. Hilo pia huwa naliuliza siku hizi. Kifungua kinywa cha hoteli tulikiacha. Yuro 14 kwa mkate, siagi na jamu ni nyingi kwa mtu ambaye bila viazi vitamu au uji anahesabu hajala. Tulikwenda sokoni Notre-Dame kwa teksi, tukarudi na mayai ya kuchemsha, parachichi na kuku wa kuchoma, tukala uani chini ya mtini.

Jumatano saa mbili na nusu tulikuwa njiani. Benchi la kwanza alilipita bila kukaa, kwa kiburi. La pili alikaa. Uwanja wa mbele wa kasri umetandikwa mawe ya mviringo yasiyo sawa, na hilo lilimchosha kuliko njia yote. Kama una mtu wa bakora, mpitishe pembeni penye mawe bapa. Mfanyakazi mmoja aliiona bakora, akatutoa kwenye mstari, akatuonyesha lifti. Wana viti vya magurudumu vya kuazima pia. Baba alikitazama kiti kama mtu anavyotazama jeneza la saizi yake, nikaacha.

Sitasimulia vitanda na dari, vinajulikana. Tulipofika Ukumbi wa Vioo, Baba alisimama mlangoni watu wakampita. Una urefu wa mita 73, madirisha 17 upande wa bustani, na mbele ya kila dirisha tao la vioo; vyote pamoja ni vioo 357. Wajerumani walitangaza himaya yao humo Januari 1871 wakiwa wanawashinda Wafaransa vitani, na Wafaransa walihakikisha tarehe 28 Juni 1919 wanawarudisha humo humo kuweka saini. Kwa saini hizo Tanganyika ilibadilishwa mkono, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji, na katikati ya kurasa za reli, makaa ya mawe na madeni, mtu akaingiza fuvu la mtu wa Iringa. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Baba hakutafuta kibao. Alitoa mfukoni karatasi aliyoikunja mara nne, kifungu cha 246 alichokinakili kwa mkono, akakisoma kwa Kiingereza kwa sauti ya darasani, si kubwa, huku familia moja ikijipiga picha ubavuni mwetu. Alipofika kwenye miezi sita alinyanyua macho. "Miaka 34," akasema. "Ningempa sifuri mwanafunzi wa hesabu za namna hii." Kisha akajiona kwenye kioo, akarekebisha kola ya koti, akajisalimia kwa Kihehe, "Kamwene."

Tulikaa humo karibu saa nzima. Asingeweza kukaa saa nzima kama angekuwa ametoka Paris asubuhi hiyo, amesimama kwenye treni, amepanda ngazi za stesheni. Watu wengi wataniambia Versailles ni ya kwenda na kurudi, hakuna haja ya kulala, mji wenyewe hulala saa tatu usiku. Kwa mwenye miguu nakubaliana nao. Mzee ana saa tatu nzuri kwa siku, na ukimlaza mjini Versailles anazitumia ndani ya kasri. Zile za Jumatatu tulizitumia kwenye miti.

Tulipotoka nilitaka tuelekee hotelini akapumzike. Akakataa. Alisoma mahali kwamba wajumbe wa Ujerumani wa 1919 walilazwa kwenye hoteli iliyoitwa Hôtel des Réservoirs, hatua chache kutoka kasri upande wa kaskazini, kwenye nyumba iliyojengwa karne ya 18 kwa ajili ya Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis XV. Ramani ilionyesha dakika nne. Tukaenda kwa dakika kumi na moja. Siku hizi si hoteli tena. Nikamsimulia ninayoyajua: kwamba walizungushiwa uzio wasitoke ovyo, na inasimuliwa kwamba mizigo yao ilitupwa uani wakaambiwa wajibebee wenyewe mpaka vyumbani.

Baba akaegemea bakora kwa mikono miwili, akalitazama jengo kuanzia mlango, dirisha kwa dirisha, mpaka juu kabisa.

"Lifti walikuwa nayo?"

Nikamwambia sijui.

Akatikisa kichwa polepole, akageuka, akaanza kutafuta benchi.